Harusi ya Maji Moto Kinondoni

Leeds, Uingereza
20 Januari 1955

Kwa bibi yangu Mwanabaraka binti Kondo, Kinondoni

Shikamoo, mke wangu. Mumeo mie mzima, isipokuwa masikio, ambayo nadhani yamekwisha kuganda na siku moja nitayavua pamoja na kofia. Theluji inaanguka tangu juzi. Mama mwenye nyumba ninayopanga ananipa viazi asubuhi, viazi mchana, na jioni, ili nisichoke, ananipa viazi. Barua yako ya mwisho aliikuta mezani, akaigeuza huku na huku, akaniuliza kama ni mchoro wa kitambaa. Nikamwambia ni bibi yangu, anaandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, na hapo ananigombeza. Akasema, hata kwa macho inaonekana.

Nisalimie dada yangu Somoe. Habari za kuposwa kwake na huyo Hija wa Temeke zimenifurahisha sana, ingawa ningependa kwanza nimwone Hija mwenyewe kama ana meno yote. Nisalimie na mdogo wetu Mwanaasha, mwambie asiache shule hata akilazimishwa kuchota maji ya mtaa mzima.

Sasa bibi, umeniuliza mara mbili nami nimekujibu vibaya mara mbili. Hapana, sikufeli. Digrii ya kwanza niliipata Makerere, ile uliyoichinjia mbuzi. Hii ni ya pili, inakaa juu ya ile. Katika ya kwanza unasoma waliyoyagundua wenzako. Katika ya pili sharti ugundue jambo lako mwenyewe, hata likiwa dogo, ulithibitishe mbele ya watu wasio na haraka ya kukuamini. Mie elimu yangu ni bayolojia, elimu ya viumbe hai, na kiumbe wangu ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya miti yakawa nyumba, kisha wakamng'ata kila anayepita karibu.

Nadhani wao ndio walinzi wa minazi. Mnazi wenye maji moto haupukutishi vidaka vyake, zile nazi changa, kwa sababu chungu hao humfukuza mdudu anayekuja kuvifyonza vikiwa vichanga. Lakini nadhani si elimu. Profesa wangu anasema labda ni kinyume chake, labda chungu wanapenda tu kuishi kwenye mnazi uliokwisha kuwa mzuri. Ili tujue, sharti wahamishiwe kwenye minazi isiyokuwa nao.

Mie niko huku na minazi iko kwako. Nakuomba uchague minazi kumi na miwili inayopukutisha vidaka, isiyo na maji moto hata mmoja. Sita ifungwe kitambaa cheupe, na hiyo ndiyo itundikwe matawi ya michungwa yenye viota. Sita iliyobaki iachwe hivyohivyo. Kisha Mwanaasha kila wiki ahesabu vidaka vilivyoanguka, vya penye kitambaa mbali na vya pasipo kitambaa mbali, aniletee.

Serikali inanilipia mpaka Juni ya mwaka ujao. Jambo hili likishindikana, nitarudi nyumbani na koti la sufu na mikono mitupu. Najua ninakuomba kitu cha kichaa. Sina mwingine wa kumwomba.

Mumeo mdogo,
Mwishehe

*

Kinondoni
16 Februari 1955

Mume wangu mtoro,

Marahaba, na mara hiyo tena. Sie wazima, mguu wangu wa kushoto ndio bado una kiburi. Somoe ameanza kujifanya hasikii akiitwa, ndivyo wanavyokuwa. Harusi tumeipanga Shaaban, kabla ya kuvunja jungu la Ramadhani, maana watu wa Temeke wana haraka kama wanaofukuzwa.

Kuhusu masomo yako. Watu wakiniuliza mjukuu wangu anasomea nini Ulaya, nilikuwa najibu udaktari, nao wananyamaza kwa heshima. Juzi jirani yangu Bi Mwanakombo akaniuliza, udaktari wa nini? Mie mtu mzima siwezi kusema uongo karibu na Ramadhani, nikamwambia, wa chungu. Amecheka mpaka akaomba maji. Sasa kila akipita uani kwangu ananiuliza kama wagonjwa wako hawajambo.

Hata hivyo uliloniomba nimelianza, kwa kuwa mume ni mume hata akiwa na wazimu. Minazi kumi na miwili nimeichagua. Ile sita ya kitambaa ni ile ya nyuma ya jiko langu, inayokunywa maji ya vyombo na kula majivu kila siku, kwa sababu mgeni hupelekwa nyumba yenye chakula. Hilo nimelifikiri mwenyewe, usinishukuru.

Shida ni wa kuwabeba. Nimemwambia Adelard, yule Mmakua anayeniangulia nazi, mtu mpole asiyesema hapana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia yake, akasema, "Bibi, mie nimetoka Masasi kuja kutafuta maisha." Akavaa kofia akaenda zake. Vijana wa mtaani nimewaahidi chai na maandazi, wakala maandazi wakakimbia. Basi nipe muda, nitaona la kufanya.

Na hujanijibu. Umepata mwanamke wa Kizungu huko? Sema kweli, sitakuja kumpiga, nauli sina.

Mkeo wa kwanza,
Mwanabaraka

*

Leeds
8 Machi 1955

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma jikoni kwa mama mwenye nyumba, nikacheka mpaka akaja na glasi ya maji, kwa hiyo mie na Bi Mwanakombo tuko sawa. Somoe nimemtumia kitambaa cha blauzi, kitafika na meli. Mwambie si cha kufungia mnazi.

Nakuhimiza kwa adabu, bibi. Profesa wangu ananiuliza kila Jumatatu kama chungu wamekwisha kuhama, nami kila Jumatatu namwambia bibi yangu anatafuta wabebaji. Masika yakishika kabla hawajahama, hawatatulia, na mwaka mzima umekwenda. Mwaka mwingine sina.

Uliloniuliza la mwanamke: huku kuna baridi sana.

Mumeo,
Mwishehe

*

Kinondoni
20 Aprili 1955

Mume wangu,

Somoe ameolewa! Ninaandika huku miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi, maana nimesimama tangu jogoo mpaka jogoo. Watu walijaa hadi barabarani. Mvua ilipiga asubuhi tukadhani tumekwisha, mchana ikaona haya ikaacha. Makungwi wamemfunda vizuri, ametoka ndani amejaa mafuta na udi, hata mie nilimsahau. Hija ana meno yote, nimeyaangalia alipokuwa akicheka. Lakini anacheka sana kwa mtu aliyekwisha kutoa mahari yote, labda hajui hesabu.

Sasa habari za hao wako wenye miguu sita. Watani zetu Wanyamwezi walifika bila kualikwa, kama dini yao ilivyo. Mbele yao alikuwa Maganga, yule mzee mrefu aliyekuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Wakakaa juu ya jamvi la wazee, wakavuta sinia la kwanza la pilau, wakatangaza kwamba bwana harusi ni mtumwa wao na lazima akombolewe kwa nyama. Hapo akili ikanijia. Nikasimama mbele ya sinia. Nikawaambia, leo Mnyamwezi hali kwangu mpaka afanye kazi aliyozaliwa nayo, kubeba mizigo, na mzigo wa leo una meno.

Wakaona aibu kukataa, maana mtani akishindwa mbele ya watu atachekwa mpaka wajukuu zake wachekwe. Wakakata matawi ya michungwa, wakabeba. Wameng'atwa, mume wangu! Wamecheza ngoma ambayo hata Unyamwezi haipo. Adelard naye alipoona wenzake wanakufa alikuja kuwapandishia matawi juu. Kisha wakala pilau lote, na nyama ya wakwe wakala.

Basi maji moto wako juu ya minazi sita, na kila mmoja una kitambaa. Mwanaasha ameanza kuhesabu. Mengine yaliyotokea ni mambo ya harusi.

Mkeo,
Mwanabaraka

*

Leeds
3 Juni 1955

Bibi yangu mpenzi, mke wangu wa dhahabu,

Shikamoo mara nyingi kadiri ya watu waliokula pilau. Barua yako nimeitafsiri kwa profesa wangu, na huyu ni mtu ambaye nilidhani amezaliwa bila mdomo wa kuchekea. Alicheka. Ameninunulia na chai.

Hesabu za Mwanaasha za mwanzo zimefika, safi kabisa, hongera zake. Bado ni mapema kujua chochote, lakini nimeanza kuandika sura ya kwanza ya kitabu changu, inayoeleza kazi ilivyofanyika. Nataka uthibitisho wako wa jambo moja tu. Minazi sita yenye maji moto ni ile ya nyuma ya jiko, kama ulivyoniandikia Februari, ndiyo? Neno moja linanitosha.

Hongera kwa Somoe na Hija. Nimekula viazi kwa heshima yao.

Mumeo,
Mwishehe

*

Kinondoni
25 Julai 1955

Mume wangu,

Marahaba. Idi ilikuwa njema, ingawa nyama ilikuwa na mifupa mingi kuliko watu. Somoe amekuja kutusalimia kutoka Temeke, amenenepa, anasema "kwetu" akimaanisha Temeke. Bi Mwanakombo ametoboa sufuria langu kubwa la shughuli na kulirudisha huku akiimba. Mguu wangu sasa umeacha kiburi, umehamia kwenye ugomvi.

Mwanaasha anakuletea hesabu nyingine. Maji moto wamezaa na kuzaa, wameshona viota vikubwa, hata kunguru hakai. Penye vitambaa vidaka vinashika, pasipo vitambaa vinaanguka kama zamani. Adelard anasema hajapata kuona jambo kama hili.

Umeniuliza habari ya jiko. Jiko langu nimeliezeka bati jipya, halivuji tena.

Mkeo,
Mwanabaraka

*

Leeds
9 Novemba 1955

Bibi yangu,

Shikamoo. Mie mzima. Huku kuna ukungu, mtu haoni hata mkono wake. Juzi ulikuwa mwingi kuliko jana, na leo ni mwingi kama juzi. Kazi inaendelea. Hesabu za Mwanaasha zimefika, mshukuru, lakini mwambie ajihimu zaidi na masomo yake, asichoke na habari za vidaka.

Salamu kwa wote.

Mjukuu wako,
Mwishehe

*

Kinondoni
1 Desemba 1955

Wewe Mwishehe,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta ulipo. Karatasi nzima umeijaza ukungu. Huniulizi mguu, humtukani Hija, na mwisho umeandika "mjukuu wako". Mie nimekuwa mkeo tangu ulipokuwa unatambaa uchi katika uwanja huu, nani amekupa talaka ya kunitolea kwenye barua?

Na kwa nini Mwanaasha asichoke na vidaka? Mwanzoni ulivitaka kama dawa.

Nilikulea baada ya baba yako kufa, nakujua. Ulipokuwa mdogo, ukianguka mtini ulikuja ndani ukasema unataka kulala. Basi sema ulipoanguka. Usiponijibu nitamwandikia huyo mama wa viazi, na ataielewa kwa macho.

Mwanabaraka

*

Leeds
2 Januari 1956

Bibi,

Shikamoo. Umenishinda, kama siku zote.

Mwezi wa kumi nilimpelekea profesa sura yangu ya kwanza. Neno lako moja la kuthibitisha halikuja, basi nikashika lile la Februari. Nikaandika kwa kujiamini kwamba minazi sita ya chungu ilichaguliwa na bibi yangu, na kwamba ni ile ya nyuma ya jiko lake. Alipofika hapo aliweka kalamu chini. Akaniuliza kuna nini nyuma ya jiko. Nikamweleza, maji ya vyombo, majivu. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Basi hukuwapima chungu. Umepima maji ya vyombo."

Ana haki, bibi. Minazi iliyolishwa vizuri ni lazima ishike vidaka vyake, hata bila chungu. Kosa si lako hata kidogo. Mie ndiye niliyesoma, mie ndiye niliyepaswa kukuambia kwamba anayechagua asiwe na kipenzi. Ulimpeleka mgeni nyumba yenye chakula, ndivyo ulivyonilea hata mie. Lakini hakuna muda wa kuanza upya. Mnazi hauharakishwi, na Juni inakuja. Profesa amesema nitapewa barua nzuri ya kueleza kwamba nilijitahidi.

Nimelia, kama unataka kujua. Nilikuwa ninaona haya kukuambia, kwa sababu ya mbuzi, na kwa sababu ya Bi Mwanakombo. Nitarudi na meli ya Julai. Wasiandae kitu.

Mumeo,
Mwishehe

*

Kinondoni
14 Januari 1956

Mume wangu, kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Nani kakwambia maji moto wako kwenye minazi ya jikoni?

Nilikuambia mengine ni mambo ya harusi. Sasa nayasema. Siku ile, watani walipofika na matawi yao wakaiona minazi sita imekwisha kufungwa vitambaa, Maganga alisimama akashika kiuno. Akasema, "He! Nyie Wazaramo hata chungu mnawachagulia waume? Tena wote ndugu wa nyumba moja! Hapana. Leo kuna harusi mbili hapa. Hawa ndio mabibi harusi, na sie ndio wajomba zao. Kwetu mume tunamwachiaga Mungu atafute."

Wakavua vitambaa vyote. Wakamnyang'anya kungwi wa Somoe kanga yake, wakamfunga Maganga macho, wakamsimamisha katikati ya minazi yote kumi na miwili na kumzungusha mpaka hajui kibla. Kisha wakamsukuma. Mnazi alioukumbatia ndio ukafungwa kitambaa, ukatundikwa bibi harusi wake, na wanawake wakapiga vigelegele. Akazungushwa tena, akasukumwa tena. Safari moja akaukumbatia mnazi uliokwisha kuoa, wote wakapiga kelele, "Mke mmoja! Mke mmoja!" wakamrudisha. Safari nyingine akamkumbatia Adelard, na walitaka kumfunga kitambaa, lakini Adelard akakimbia mpaka barabarani. Hivyo mpaka minazi sita ikapata wake.

Katika hiyo sita, miwili tu ni ya jikoni. Mmoja uko karibu na choo. Mitatu ni ile ya kule mwisho, penye mchanga mtupu, ambayo tangu marehemu babu yako haijawahi kuonja jivu. Na minne ya jikoni imebaki bila chungu, inakunywa maji ya vyombo mpaka leo na kupukutisha vidaka mpaka leo. Mwanaasha amehesabu kweli tupu, penye kitambaa na pasipo, na kitambaa ndicho chenye chungu.

Mie nilikuficha. Uliponiuliza habari ya jiko, nikakujibu bati. Nilifikiri, Wazungu wakisikia kwamba elimu ya mjukuu wangu imepangwa na Mnyamwezi aliyefungwa macho kwa kanga, watampakia melini siku hiyohiyo. Nikaona heri wajue jiko, jiko lina heshima. Kumbe heshima ndiyo imekuua.

Kama haya yanazidisha ubaya, nisamehe, mume wangu. Kama yanaupunguza, niletee simu ya upepo, hata kama ni ghali, maana mie sitalala.

Mkeo,
Mwanabaraka

*

Leeds
24 Januari 1956

Bibi, bibi, bibi!

Simu ya upepo nimepiga asubuhi, nadhani umekwisha kuipata, lakini simu ina maneno machache na mie nina mengi.

Nilikimbia na barua yako mpaka chumbani kwa profesa bila kofia. Nikamtafsiria nikiwa nimesimama. Nilipofikia Adelard kukimbia barabarani, profesa alilazimika kuvua miwani. Kisha akaniomba nirudie pale pa kuzungushwa, pole pole, naye anaandika. Je, Maganga alifungwa macho kweli? Je, minazi yote kumi na miwili ilikuwa na nafasi ya kukumbatiwa? Je, waliomsukuma walijua upi unakula majivu? Nikamwambia, wageni wale hawakujua hata jiko liko wapi, walijua tu pilau liko wapi.

Akasema, watu wa hapa wana vitabu vizima vya tarakimu zilizovurugwa makusudi, kwa kazi moja tu, kumzuia mtafiti asipendelee. Alichofanya Maganga ni kilekile, ila kwa vigelegele. Kazi yako ni nzima, akasema. Kaandike upya sura ya kwanza, na uandike yaliyotokea.

Mwambie Mwanaasha anichoree kila mnazi ulipo, wenye kitambaa na usio nacho, na choo, na jiko, na mchanga. Fanyeni haraka. Mie silali tena, ila sasa kwa furaha.

Mumeo kabisa,
Mwishehe

*

Leeds
30 Mei 1956

Mke wangu,

Shikamoo. Jana nimehojiwa, na nimeshinda. Nimelitanguliza hilo ili mguu wako usiteseke kungoja.

Walikuwa wazee watatu nyuma ya meza ndefu. Mmoja wao, mwenye nyusi nyeupe, alikuwa amekuja kutoka London makusudi kunitoa jasho. Aliuliza ya mdudu, ya chungu, ya mvua, nikamjibu yote. Kisha akafungua sura ya kwanza. Akasoma kwa sauti, "Minazi ilichaguliwa na mzee mmoja aliyefungwa macho, katika harusi." Akaniangalia juu ya miwani. "Wabebaji walilipwa nini?" Nikamwambia, pilau. "Na kama wangekataa?" Nikamwambia, wasingeweza, bwana, walikuwa watani. Basi ikabidi nieleze utani ni nini, jinsi mtani anavyokuja kukuvurugia harusi na kukutania msibani, na jinsi usivyoweza kumkasirikia. Nilieleza muda mrefu kuliko nilivyowaeleza chungu. Mwisho yule wa nyusi akasema, na sisi tungekuwa nao hapa chuoni, kazi nyingi zingekwenda vizuri.

Lakini kuna jambo nililofanya bila ruhusa yako. Kila kitabu cha namna hii kina ukurasa wa mwanzo wa kushukuru watu. Nimeishukuru Serikali, profesa, wewe na Mwanaasha. Nilipofika kwa Maganga kalamu ikasimama, maana mtani hashukuriwi, ukimshukuru umemfukuza. Nikaandika mstari mmoja kwa Kiswahili, hivi: "Na Maganga, Mnyamwezi, mlafi wa pilau za watu, asiyeweza kutofautisha mnazi na Mmakua." Yule wa London alitaka tafsiri. Nikampa. Akataka kuufuta, profesa wangu akakataa. Wiki hii kitabu kitapigwa jalada jekundu na kuwekwa katika maktaba ya chuo.

Natoka na meli ya Julai kama nilivyosema, ila sasa andaeni kila kitu.

Mumeo msomi,
Mwishehe

*

Kinondoni
17 Juni 1956

Mume wangu msomi,

Marahaba, na hongera, na Alhamdulillahi. Barua yako nimeisoma nikapiga kigelegele peke yangu, mpaka Bi Mwanakombo akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Nikamwambia, wagonjwa wamepona wote. Safari hii ni yeye aliyenyamaza.

Maganga nilimwita. Alikuja na wenzake wawili wakidhani kuna msiba, wamejiandaa kuchekesha. Nikawakalisha, nikamsomea mstari ule kama ulivyo, neno kwa neno. Wenzake waliangua kicheko, wakampiga mabega. Yeye hakucheka. Nikaogopa, nikasema moyoni, leo mjukuu wangu amepitiliza.

Akaniuliza, "Hicho kitabu kinakaa wapi?"

Nikamwambia, kwenye nyumba ya vitabu, Ulaya.

"Hawakichomi?"

"Hawakichomi. Kinakaa."

"Na jina langu limo? Maganga? Pamoja na ulafi?"

Nikamwambia, vyote vimo. Akaniomba nimwonyeshe palipo na jina lake katika barua yako, nikamwonyesha, akaweka kidole juu yake. Akasema, "Mie nimebebaga mizigo ya Mdachi vita ya kwanza, nikiwa kijana, mpaka Mahenge. Nikabeba ya Mwingereza, vita ileile. Tulikufa wengi njiani, hata makaburi hatuna. Miaka yangu ya bandarini nilikuwa namba. Hakuna hata mmoja aliyeniandika popote." Hapo, mzee mzima yule, akaanza kulia mbele yetu bila kujificha. Wenzake wakaacha kucheka. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akanitazama kwa hasira ya kweli na kusema, "Na anayekuja kuniandika ni Mzaramo! Tena kwa matusi!"

Nikaenda jikoni nikampakulia.

Mkeo,
Mwanabaraka